Nywele Nyekundu za Mama

Baada ya baba kufa, mama alikaa ndani ya ua wetu hapa Baraka mwaka mmoja na miezi minne bila kukanyaga barabara. Hakuwa mgonjwa. Alipika, alifagia, alinigombeza na alikula vizuri. Lakini ukimwambia twende sokoni, au kanisani, au hata nyumba ya tatu kwa jirani, anakuonyesha kichwa chake kwa kidole, kana kwamba kichwa ndicho kilichokataa na yeye hana kauli.

Siku ya matanga mashangazi walimnyoa, kama mjane anavyonyolewa kwetu. Nywele zilizoanguka chini zilikuwa nyeusi, na mvi za hapa na pale. Zilizoota zilikuwa nyeupe pe. Zamani alikuwa mwanamke wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, mwenye meza yake sokoni na wateja waliotoka mpaka Mboko, na wachuuzi wa Misisi waliobeba magunia kwa pikipiki. Sasa meza ile aliikalia binamu yangu. Mama alisema, "Mi siende na kichwa hii. Batasema ona, amezeeka siku moja, kumbe bwana yake ndiye alikuwa namushikilia."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na subira sina. Maharage yakiwa motoni nafunua sufuria mara kumi, halafu nalalamika kwamba hayaivi. Kwa mama nilijaribu maneno matamu, nikajaribu ukali, nikamwita mchungaji aje aombe naye. Nilimnunulia kitambaa kizuri cha kichwa. Alikifunga, akajitazama, akakifungua na kukikunja vizuri. Niliogopa, nasema kweli. Nimeona wajane walioanza kwa kukaa ndani ya ua, kisha ndani ya nyumba, kisha kitandani, na kutoka hapo hakuna aliyerudi. Mama yangu nilimtaka barabarani, anabishana na watu.

Rangi nyeusi ya paketi inauzwa sokoni, lakini ilikuwa imemchoma mwalimu mwenzangu paji la uso mpaka likatoa maji. Aliyeniokoa ni mama jirani, Mwislamu tuliyerudi naye kutoka ukimbizini ng'ambo ya ziwa miaka ile watu waliporudi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Achana na ile ya paketi," aliniambia. "Miye niko na hina. Ndugu yangu ananiletea toka Kigoma. Ni majani tu, haiunguze muntu."

Nilimpelekea mama habari nikitegemea vita. Alifikiri kidogo.

"Kama ni majani, basi," alisema. "Majani nimeshakula mingi, hii moja nitavaa."

Nilifurahi kupita kiasi. Siku ya posho, ndiyo Jumamosi yetu, nilimwosha kichwa mara mbili asubuhi, nikamketisha juani akauke, nikaenda jikoni. Mama jirani alikuwa amenifundisha: chekecha unga kwa kipande cha shela, mimina chai nzito ya moto, kamua ndimu, koroga mpaka uwe kama uji wa mtoto, kisha funika na usubiri mpaka juu pageuke kahawia. Hapo pa kusubiri ndipo palinishinda. Nilifunua bakuli mara sita. Watu wa mji unaoitwa Baraka hatuna haja ya kukumbushwa kwamba haraka haraka haina baraka, lakini mimi nimezaliwa hivyo.

Nilimpaka mafuta mazito kwenye paji la uso na masikioni ili rangi isishike ngozi. Nikavaa mifuko ya nailoni mikononi, nikagawa nywele kwa kitana fungu moja moja na kupaka kuanzia mizizi. Harufu ilikuwa ya nyasi zilizonyeshewa. Nilipomaliza nilibabua jani la mgomba juu ya makaa mpaka likalegea, nikamzungushia kichwani, nikafunga na kitambaa. Hilo la jani lilikuwa langu mwenyewe, maana kwetu kitu chochote kinachotakiwa kuiva kinafungwa kwa jani.

"Umenifunga sawa mukate ya muhogo," mama alisema. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu msiba.

Baada ya saa tatu nilimwosha kwa ndoo mbili za maji. Mama jirani alikuwa amefika na jagi lake la chai, ameketi kwenye mkeka kushuhudia. Maji yalitoka mekundu, kisha ya manjano, kisha meupe, na kichwa cha mama kikabaki wazi juani. Kilikuwa cha rangi ya chungwa. Tena si chote: pembeni chungwa, katikati nyeupe, nyuma mistari mistari ya nyekundu hafifu, kama mbuzi mwenye mabaka.

Kosa langu lilikuwa kucheka. Nilimpa kioo nikiwa bado nacheka, nikifikiri naye atacheka.

Mama alitazama kioo.

"Bwaki," alisema. "Umenitia bwaki ku kichwa."

Huku kwetu hakuna asiyelijua neno hilo. Bwaki ni ugonjwa wa mtoto aliyekosa chakula: tumbo linafura, miguu inavimba, na nywele zinapoteza weusi, zinakuwa nyekundu, nyembamba, za kung'oka. Mtu wa mbali akiona nywele nyekundu labda anaona urembo. Mwanamke wa Fizi, wilaya yetu, wa umri wa mama yangu anaona njaa.

"Leta wembe," alisema.

"Wembe ya nini, mama? Ni rangi tu."

"Leta wembe unyoe! Sasa hivi!"

Nami nikapandwa na hasira, maana ndivyo nilivyo nikiogopa. Nilimwambia sinyoi. Nilimwambia nikinyoa atakaa ndani mwaka mwingine, na mimi nimechoka kuishi na mtu anayejizika mwenyewe. Maneno yale yalinitoka mbele ya jirani na hayakurudishika.

Mama hakunijibu kwa ukali. Aliweka kioo kifudifudi kwenye mkeka.

"Nywele hii ilikuwa yako," alisema. "Ulikuwa na miaka ine. Tulikuwa kule ng'ambo, ku kambi. Chakula ilikuwa haitoshi, na miye nilikuwa na maziwa ya mudogo wako tu. Tumbo yako ikafura. Nywele ikawa sawa hii. Kila siku ya posho nilikuwa nakunyoa, bamama basione. Bangesema ona huyu, anakula yeye, mutoto anakufa."

Nilikaa chini pale nilipokuwa nimesimama. Kunyolewa nilikukumbuka vizuri: mapaja ya mama, wembe, jua utosini. Maisha yangu yote niliambiwa ni chawa. Nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba mama yangu alikuwa msafi kuliko wanawake wote wa kambi, kila juma ananyoa, chawa hawakuthubutu. Nililisema kwa majivuno, nikiwakemea wale waliokuja darasani na vichwa vichafu.

Mama jirani alikuwa ameshika kikombe hewani, hajanywa.

"Yaya," alimwambia mama, kama anavyoitwa dada mkubwa, "miye nilinyoa wangu wawili."

Mama aligeuka. "Weye?"

"Miye. Na ule mama wa pembeni yetu, naye alikuwa nanyoa. Sote tulikuwa nanyoa. Ulifikiri chawa ndiye alikuwa natunyolesha batoto kambi nzima?"

"Uliniambia ni chawa."

"Na weye uliniambia ni chawa!"

Walitazamana, wanawake wawili waliokaa vibanda jirani miaka kumi na kuazimana chumvi, kiberiti na wembe wenyewe ule, kila mmoja akimdanganya mwenzake ili asionekane mama mbaya. Mama alijifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini mabega yalipotikisika zaidi nikajua kwamba anacheka pia. Mama jirani alimvuta kifuani pamoja na kichwa chake kibichi cha chungwa.

Ghafla akamsukuma kidogo na kunusa.

"Yaya! Hii kichwa inanuka mise. Ulipakaa mafuta?"

Mise ni mafuta ya kokwa za chikichi, na mama anayapaka tangu azaliwe.

"Kidogo tu," mama alisema. "Huyu aliniosha akaniacha ku jua. Nywele ilikuwa kavu. Muntu mukubwa anakaa aje na nywele kavu?"

Kumbe nilipokuwa jikoni nafunua bakuli, yeye alikuwa amejipaka kichwa kizima kwa adabu zake, na hina ikateleza juu ya mafuta. Palipokosa mafuta ikashika, palipojaa ikapita. Nilitaka kulalamika, lakini ni nani Fizi nzima angemwacha mwanamke mzima juani na nywele zilizooshwa bila mafuta? Mimi mwenyewe nisingevumilia.

"Na weye mwalimu," mama jirani alinigeukia, "nani alikuambia hina banaihukumu siku ya kwanza? Banangojaka siku tatu. Inaiva yenyewe. Posho ijayo tutarudilia fasi yenye haikushika." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; wembe haukuletwa.

Siku zile tatu zilinitesa. Kila asubuhi nilimfunua mama kitambaa, naye akinipiga kibao cha mkono. Lakini rangi ilikuwa inatembea. Jumapili chungwa lilikuwa limefifia. Jumatatu lilikuwa kama kutu. Jumanne, pale hina iliposhika, palikuwa rangi ya udongo wa barabara mvua ikishanyesha, na mabaka peke yake ndiyo yalikuwa bado yanacheka watu.

Jumanne hiyo nilimkuta mama na kioo, anapanua nywele kwa vidole atazame chini kabisa.

"Hivi ndivyo nilikuwa nakufanya," aliniambia. "Walipoanza kukupa uji wa dawa ku zahanati ya kambi, kila asubuhi naangalia ku mizizi. Kila asubuhi nyekundu. Siku moja nikaona nyeusi. Kidogo sana, sawa kivuli. Nikakufunga mugongoni nikazunguka kambi nzima mbio, sikuambia muntu sababu. Banafikiri nimepata wazimu."

"Na mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia ulikuwa na njaa mikononi mwangu?"

Nilimwambia kwamba nilichokuwa nacho mikononi mwake ni uhai. Mwalimu hupenda kusema maneno ya namna hiyo, lakini niliyasema kwa moyo wote. Mama alisema, "Eh, sawa," akaendelea kutazama kioo.

Posho iliyofuata nilimwosha kwa sabuni ya majivu mara tatu, nikaficha chupa ya mise chini ya kitanda changu, nikaketi naye juani kama mlinzi wa benki. Mama jirani alileta unga wake wote uliobaki. Tulipaka sote wawili, yeye kushoto na mimi kulia, na safari hii sikufunua kitu kabla ya wakati. Tulipoosha, mabaka yalikuwa yameshika rangi. Ilikuwa bado kali, lakini sasa tulijua itatulia, na baada ya siku tatu ilitulia. Kichwa kizima kilikuwa chekundu cha giza, na kwenye kivuli ungesema ni cheusi.

Nilisubiri aseme kitu. Alijitazama upande, akajitazama mbele, akaweka kioo chini na kunikazia macho mimi.

"Weye nawe uko na mvi. Pale juu ya sikio."

"Ni chache, mama."

"Kaa hapa. Fumua hiyo misuko."

Niliketi kwenye kigoda nikaanza kufumua. Yeye aliingia jikoni, nikasikia anasogeza vyombo, akarudi na bakuli tupu.

"Unga imekwisha."

"Basi tuache. Au ngoja niende kwa mama jirani niulize kama ndugu yake ameleta nyingine."

"Weye utaenda aje na kichwa nusu? Kaa."

Alijifunga kitenge kiunoni. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kwenye kamba, umbali wa mkono wake, na hakukichukua. Nilishika kitana nikimtazama. Alivuka ua, akasukuma mlango wa bati, akasimama pale kizingitini. Nilihesabu, sijui nilihesabu nini. Kisha mguu wa kwanza ukatoka, na wa pili, na bati likajirudisha nyuma yake.

Sikumwona tena, nilimsikia tu. Mwanamke mmoja barabarani alipiga kelele, "Aaa! Mama! Ni weye? Uko naenda wapi na uzuri yote hiyo?"

Mama akajibu kwa sauti yake ya sokoni, ile ya kuitia wateja, ili barabara nzima isikie:

"Naenda kutafuta hina ya mutoto yangu. Nataka nimutie nywele nyekundu!"