Ua Nililolianika Juu ya Mabati

Nakumbuka Jumapili moja ya Januari niliyoua, au niliyodhani nimeua, kitu cha pekee ambacho mdogo wangu Nekesa alikuwa nacho kutoka kwa mama.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naye alikuwa na tisa. Mama alipofariki, baba akiwa ameshatangulia, mimi kama kifungua mimba niliacha shule darasa la saba nikaanza kubeba mawe mjengoni. Nekesa alikuwa mdogo sana wakati huo. Sura ya mama hakuikumbuka. Alichokijua ni kwamba lile ua lililokuwa kwenye mkebe wa rangi lilipandwa na mama, kwa tawi alilopewa na mama mmoja wa mtaa wa Ayany, ambaye mama yetu alimfulia nguo kwa malipo. Jina la ua silijui hadi leo. Lilikuwa na majani mapana yenye madoa meupe, na kila jioni Nekesa aliyapangusa vumbi kwa kitambaa.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumehamia chumba kingine hapo hapo mtaani kwetu Raila. Chumba cha kwanza kilikuwa na dirisha. Hiki cha pili kilikuwa mabati matupu na mlango. Baada ya miezi kadhaa madoa meupe ya ua yakaanza kufifia. Shina likarefuka kama shingo ya mtu anayechungulia kwa jirani, likalalia upande wa mlangoni. Nekesa alikuwa akiniuliza kama litakufa, nami nilimjibu hapana huku nikivaa viatu. Nilitoka alfajiri kwenda kazini Kawangware kwa miguu, nikarudi jua limeshatua. Mtu anayeishi hivyo, mwanangu, hajui nyumba yake ina mwanga gani.

Basi Jumapili hiyo nilikuwa nyumbani, na Nekesa alikuwa kanisani. Nikaliangalia ua nikaona haya. Nikajiambia limekosa jua karibu mwaka mzima, leo nitalipatia jua lote hilo. Chini kwenye kichochoro palikuwa na mbuzi, mpira wa watoto na maji machafu. Mahali pekee penye jua palikuwa juu. Mapaa ya kwetu ni mafupi, nikanyoosha mikono nikauweka mkebe juu ya mabati, na jiwe kando ili usianguke. Kisha nikafua nguo zangu nikiwa na amani ya mtu aliyetimiza wajibu.

Jirani yetu Mama Otis aliinua macho akasema, "Wanjala, hiyo sukuma unaikausha uitume ushago?" Watu wakacheka kusikia ua likiitwa mboga ya kutumwa kijijini. Hata mimi nilicheka.

Alasiri nilipoushusha, mkebe uliniunguza viganja. Majani yalikuwa yamegeuka meupe kama karatasi iliyoloa, yamening'inia yote. Nekesa alifika nikiwa bado nimeushika. Nilitegemea alie. Aliangalia majani, akaangalia juu ya paa, halafu akaniuliza swali moja tu.

"Mama alikuwa akiliweka hapo juu?"

Nikasema hapana. Akaingia ndani.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, lakini wangu hakungoja nizeeke. Kesho yake nililitia ua kwenye gunia nikaenda nalo kazini. Msimamizi wetu aliliona likichungulia, akaniuliza kwa utani mbele ya wenzangu kama leo nakwenda kuposa. Saa ya chakula nilivuka barabara hadi kwa bibi kizee mmoja aliyeuza miche kando ya njia. Kawangware nzima ilimwita Shosho, yaani bibi. Kuuliza si ujinga, lakini nakwambia, kuuliza baada ya kuharibu kuna uzito wake.

Shosho alitia kidole gumba kwenye udongo, akapapasa shina kutoka juu hadi chini, akaniuliza nilifanya nini. Nikamweleza. Akapangusa kidole gumba.

"Wewe kijana, ukishinda njaa siku tatu, utaanza na sufuria nzima ya githeri?"

"Hapana, Shosho. Nitaanza na uji."

"Basi hili wewe ulilipatia githeri, tena ikiwa bado inachemka."

Alinieleza kwamba ua la namna hiyo ni la ndani, halitaki jua la mchana hata siku moja. Linataka mwanga usiokuwa na moto. Hata mwanga huo uongezwe pole pole, kwa sababu limezoea giza. Nikamwambia chumba chetu hakina mwanga. Akaniuliza nimejuaje, nami mchana siko huko. Kisha akanifundisha kupima. Alinyoosha mkono wake juu ya miche.

"Weka mkono hivi, kati ya mwanga na ua. Kivuli kikiwa kikali kama kimekatwa na makasi, hapo litaungua. Kikiwa hafifu, vidole vina ukungu, hapo ni pake. Usipoona kivuli kabisa, hapo unalizika."

Asubuhi iliyofuata nilichelewa kazini kwa makusudi, nikangoja kupambazuke. Nikazunguka chumba kizima na mkono wangu kama mtu anayetafuta sindano. Juu ya meza, hakuna kivuli. Kitandani, hakuna. Mahali pekee palipokuwa na kivuli chenye ukungu palikuwa hatua moja ndani ya mlango, na hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga mitungi ya maji na sepetu langu.

Nekesa alikuwa akinifuata nyuma. Alikwenda kwenye kona yake ya kusomea, kwenye kigoda nilichomwekea huko ili kelele za njia zisimsumbue. Akanyoosha mkono juu ya daftari lake.

"Hapa pia hakuna," akasema. Hakuwa analalamika. Alikuwa akipima tu.

Nilihamisha mitungi yote hadi ile kona, nikaleta ua mlangoni, nikaleta na kigoda chake.

Majani yote yalianguka isipokuwa moja. Shina likabaki kama kijiti. Nekesa aliugeuza mkebe robo kila Jumapili, kama Shosho alivyosema, ili lisilalie upande mmoja. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia siku litakapokauka. Wiki ya sita, nikitoka asubuhi, alinishika shati.

"Usipite haraka, utaligonga."

Nikainama. Pembeni mwa shina palikuwa na jani jipya, limejikunja kama mkeka mdogo, bado halijafunguka.

Mwanangu, wewe leo unaishi ghorofani pale mtaa wa Soweto East, una dirisha la kioo, na umenunua ua. Kioo nacho huchoma saa za mchana, kwa hiyo livutie nyuma au ushushe pazia. Anza na mwanga wa asubuhi, uongeze wiki hadi wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Jani likipauka au kukauka kingo, umezidisha. Shina likirefuka na kuinama, umepunguza. Pima kwa mkono wako, usipime kwa huruma yako, maana huruma ndiyo iliyolipandisha ua juu ya paa.

Na watu ni vivyo hivyo. Ukitambua kwamba umechelewa kumtunza mtu, usimmwagie wema wote siku moja ili moyo wako upoe. Kaa naye kwanza, ujue amekuwa akiishi katika giza gani, kisha umpe kiasi anachoweza kupokea, na kesho umpe tena. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kungoja. Nyumba yako isikose mwanga, na mwanga wako usimchome mtu.