Jibini ya Jumatano

Darasa la sita nilikuwa bingwa wa lishe. Uniamshe usingizini, ningekutajia makundi yote ya vyakula bila kumeza mate. Ila ikifika saa nne, mapumziko, bingwa alikuwa kwenye foleni ya mihogo ya kukaanga na barafu za rangi, ulimi umegeuka bluu. Kujua ni kujua, na kula ni kula.

Mwalimu wetu wa sayansi alitutaka tuandike kwa wiki nzima kila tulichokula nyumbani. Kwetu Ilemela, juu kwenye mawe, ilikuwa ugali, dagaa na mlenda. Mama alianika dagaa mwaloni, ufukweni mwa ziwa, na kuwauza, na ile harufu niliiona aibu ya ukoo mzima. Niandike dagaa siku saba, wenzangu wa nyumba za geti wasome? Thubutu. Nikaandika mayai, kuku wa kuoka, saladi ya parachichi, kila kundi mahali pake. Mungu anisamehe, Jumatano nilijipa jibini, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa macho.

Mwalimu alifurahi kupita kiasi. Akasema mama anayelisha hivyo lazima aje kuwafundisha wazazi wengine, na kwamba Jumamosi angekuja mwenyewe kumwomba. Nilicheka kwa woga njia nzima mpaka kwikwi ikanishika.

Jumamosi niliomba mvua, likawaka jua. Mama alimnawisha mgeni mikono, akatenga ugali, dagaa wa karanga, mlenda na papai. Mwalimu akafungua daftari langu, akasoma kwa sauti, siku baada ya siku, mpaka kwenye jibini. Fimbo sikuiogopa. Niliogopa mama ajue kwamba nakionea haya chakula chake.

Mama alinitazama kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Hayo ni ya huyu, mwalimu. Ya kwangu ndiyo haya."

Mwalimu alikitazama chakula, akaanza kuhesabu makundi kwa kidole huku mdomo umejaa. Yalikuwepo yote. Akaomba aongezwe ugali, na mlenda ukavutika kutoka kidevuni mwake hadi kwenye sahani. Kwikwi ikanirudia, nikaangua kicheko, mama naye akashindwa kujizuia, na mwalimu akatuuliza tunacheka nini, jambo lililotumaliza kabisa.

Mama alikubali kwenda shuleni, kwa sharti moja. "Sufuria atabeba huyu," alisema. "Na yeye ndiye atakayewaambia wenzake chakula kimetoka wapi."

Siku ya wazazi nikasimama mbele ya darasa zima na wazazi wao, sufuria la dagaa mikononi, mashavu yananiwaka. Mama alikuwa pembeni yangu.

"Ni chakula cha kwetu," nikasema. "Tunakula kila siku. Mama yangu ndiye kapika."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na sikuipunguza.