Betri Zilizoanikwa na Mihogo

Juzi, nikipita Nyakitonto, niliona betri mbili zimeanikwa mkekani katikati ya mihogo. Ile harufu kali ya mihogo iliyolowekwa ikanirudisha uani kwa bibi.

Mama alikuwa amekwenda Tabora, kwenye vibarua vya tumbaku. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo mama alitutumia kaseti aliyoirekodi kwa sauti yake. Niliisikiliza kwenye redio ndogo ya bibi, nimeikumbatia kifuani.

Alasiri moja sauti ya mama ikaanza kuwa nzito. Maneno yalivutika taratibu, kama mtu anayesimulia huku akimsuka mwanawe nywele.

Bibi akazitoa betri, akazianika pembeni ya mihogo. "Zimechoka, mwana wanje, mwanangu. Zikipata joto, mama yako ataongea vizuri."

Zilipopata joto akazirudisha, na kweli mama akaongea vizuri: upesi upesi, kama mtu anayeitwa garini. "Msikilize bibi yako. Mvua zikianza nitarudi." Kaseti ikaisha.

"Bibi, usizianike tena," nilimwambia. "Zikichoka, mama hana haraka."

Bibi hakucheka. Aliirudisha kaseti nyuma kwa kalamu, polepole, akanipa redio.

Leo najua kwamba betri zilikuwa zinakwisha tu. Siku ile niliketi na mama hadi sauti yake ikawa mngurumo, kisha kimya. Nilidhani anatafuta la kusema. Nami nikanyamaza, nisimkatize.