Jua la Kukunja la Kibiti

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye viatu na wasio na viatu, kwamba baada ya viwanda, mabenki na mashamba, sasa jua nalo limebinafsishwa. Litachapishwa Kibiti, juu ya nailoni, na Sikujua binti Mfaume wa Mbwera, msuka mikeka, elimu darasa la nne. Atakayeliota bila kibali, shauri yake.

Karakana yenyewe ilikuwa ghala la zamani la ushirika. Korosho zilihama, popo wakahamia. Humo Sikujua na wanawake wenzake watano walitumia fremu zile zile za kuchapia fulana za kampeni. Walipaka shuka la nailoni rangi inayonasa jua, kisha juu yake mistari ya wino wa fedha ya kupitishia umeme. Likikauka, shuka moja jepesi kama kanga lilitosha kuwasha redio. Kasoro ilikuwa kwenye kukunja. Ukilikunja mara tatu nne, mistari inapasuka, redio kimya.

Jumatano moja akaja Alhaji Swalehe, mwekezaji kutoka Dar, na sharti moja: shuka likunjwe mara kumi, redio iseme. Isiposema, mitambo yote ipakiwe kwenye lori. Lori lenyewe lilikuwa mlangoni, linanguruma. Sikujua alilitazama lori. Shamba lake la mpunga kule Mbwera alishamwachia mdogo wake, na mdogo wake si mtu wa kurudisha kitu.

Lilikuwa limebaki shuka moja zima. Mudathiri, fundi mkuu, mwenye tai na cheti cha ng'ambo, alilitandaza juani juu ya mkeka wa Sikujua. Redio ikaanza kusoma matangazo ya vifo. Akaanza kulikunja na kulikunjua, uso wa wino nje, ili mgeni auone unavyometameta.

"Mwanangu, uso ndani," Sikujua alinong'ona.

"Mama, hii ni sayansi."

"Sijaikataa. Uso ndani."

"Shoga, nyamaza tufukuzwe kwa heshima," Mwajabu, mwenzake wa fremu, akamvuta kanga.

Moja. Mbili. Ya tatu redio ikakwaruza, na ufa mwembamba kama unywele ukaonekana kwenye mstari wa pembeni. Alhaji akatazama saa. Dereva akashuka kufungua nyuma ya lori.

Sikujua mwenyewe hajui alifikaje pale. Alimpokonya Mudathiri shuka, akaligeuza uso ndani, akalizungushia kwenye kipande cha mwanzi, taratibu, bila kubana. Akalikunjua. Redio ikakohoa, ikataja marehemu wa Ngarambe.

Nne. Tano. Sita. Mwajabu alihesabu kwa sauti ya matanga. Saba. Ya nane, redio ikanyamaza kabisa.

Mudathiri alishaanza kulegeza tai, Sikujua akainua macho juu. Wingu! Wingu moja la kipuuzi, limesimama kama karani mwenye muhuri. Likajivuta, likapita. Marehemu wakaendelea.

Tisa. Kumi!

Alhaji alisahau uhaji wake, akaruka hadi mkekani, akapunga mikono. "Lori lirudi tupu! Mama, utafiti huu umeufanyia chuo gani?" Mudathiri akatoa daftari, kalamu tayari.

Sikujua alikuwa anatazama chini.

"Mkeka ndivyo unavyokunjwa," akasema. "Na wewe vua viatu, umeukanyaga."