Doa Kwenye Meza ya Marumaru

Wifi yangu Marousa alinisingizia kwamba nilikata ndimu juu ya meza ya marumaru ya mama yake, jambo ambalo hapa Tinos, kisiwa cha marumaru, hata mtoto halifanyi, maana ukali wa ndimu hula jiwe, na kwa miaka kumi na mmoja nimekula Pasaka peke yangu jikoni. Jana aliletwa fundi wa kusugua mawe. Maneno yake ni machache. Hulowesha jiwe, hufumba macho, kisha hulipapasa kwa mgongo wa vidole, maana ncha zimekufa ganzi kwa msasa. Halafu hulipuliza taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto. Mkate wake aliula kizingitini, peke yake.

Alipofika kwenye doa alisimama. "Nani alisema ni ndimu?"

"Mimi," wifi akajibu. "Muulize huyo, bingwa wa supu ya ndimu."

"Ndimu ingeacha michirizi, dada. Hii ni alama ya kitako cha bilauri ya mvinyo. Viduara vitatu, vimebanana."

Mimi sinywi mvinyo; aliyekuwa akinywa kwenye meza ile ni Marousa peke yake. Marousa aligeukia dirishani, fundi akawasha mashine, doa likaanza kufutika. Alinisingizia mbele ya ukoo mzima. Mbele ya ukoo huohuo, Marousa bado hajasema kuwa ni yeye.