Mnada wa Shimo la Tisa

"Mimi nikisema nyamaza, hata posho mill ya kusaga mahindi inazima yenyewe!" Njiru alitangaza mbele ya kanisa zima la Kanja, akiwa ameshika maikrofoni ambayo hakuna aliyekumbuka kumpa. "Jumamosi naenda kunyamazisha matajiri wa gofu. Baada ya hapo mtaniona Nairobi, kwa runinga!"

Waumini walipiga makofi. Mkewe Carol aliinamisha kichwa kama mtu anayeomba, na pengine alikuwa anaomba kweli.

Njiru ana kahawa kidogo, migomba, na ng'ombe mmoja mwenye madharau, lakini hakuna anayemjua kwa hayo. Anajulikana kwa mnada wa mavuno. Watu wakishaleta kanisani maboga, kuku na mikungu ya ndizi, yeye ndiye anayeuza. Hagongi kengele wala hapigi meza. Anainua kitu juu kwa mkono wa kulia, kimya kabisa, na kanisa lote linajua mnada umefunguliwa. Yai moja amewahi kuliuza mara sita, maana kila aliyelinunua alilirudisha liuzwe tena, kwa utukufu wa Mungu na kwa kuogopa mdomo wa Njiru. Na kitu kikishainuliwa hakishuki bila mnunuzi. Kukishusha ni kumwambia aliyekitoa kwamba sadaka yake ni takataka.

Sasa, mashindano hayo ya gofu yaliandaliwa karibu na mji wa Embu ili zahanati ya Kanja ipate tangi la maji, na kanisa likaombwa litoe watu wa kujitolea. Mwandalizi alikuwa Maxine, msichana wa Meru mwenye miwani mikubwa ya jua na redio ya mkononi iliyokuwa ikikoroma kila wakati. Maxine aliahidi kwamba atakayefanya kazi vizuri kuliko wote atapelekwa kwenye mashindano makubwa Nairobi, alale hotelini na avae koti la kijani lenye nembo. Njiru alilitaka koti hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, ukimtoa Carol, na hata hapo usimuulize mara mbili.

Mpinzani wake alikuwa mmoja tu: Felicitas, mwalimu wa chekechea, mwanamke anayenyamazisha darasa zima kwa kuinua nyusi moja.

"Mchezaji akisimama kupiga, inueni bango la KIMYA," Maxine aliwafundisha. "Msiongee. Msikohoe."

"Na akipiga vizuri, si nimshangilie?"

"Kwa makofi, mzee. Ya vidole."

Njiru alimwangalia kama mtu aliyeambiwa ale ugali kwa sindano.

Lakini Jumamosi alijikaza. Asubuhi yote alitembea na bango lake, midomo imefungwa, mishipa ya shingo imesimama. Wakati wa chai Felicitas, aliyemfundisha mwanawe Mugendi, alimwonea huruma.

"Baba Mugendi, umefura kama chapati. Ongea hata na miti."

Njiru alitikisa kichwa, akajipiga kifua, kisha akanyooshea kidole upande wa Nairobi.

Aliyekuwa akiongoza mchezo ni Daktari Kiunga, daktari wa meno kutoka Meru, anayepiga mpira kama jino lililokataa kutoka. Kwenye shimo la nane aliupiga ukaruka ua, ukatua ndani ya shamba la jirani la muguka, yale majani ya kutafunwa. Njiru aliingia kuutafuta, akichapa vichaka kwa bango.

"Wewe! Hiyo ni majani ya watu!" mwenye shamba alipiga kelele.

Mti wa bango ulivunjika. Daktari alichoka kungoja, akapiga mpira mwingine na kuendelea. Hapo ndipo Njiru akauona ule wa kwanza umelala chini ya kichaka, mweupe, unang'aa. Akauokota ili amrudishie mwenyewe mchezo ukiisha.

Shimo la tisa, la mwisho, lilikuwa limezungukwa na kanisa zima la Kanja, waliokuja kuona tangi lao likizaliwa. Kwaya ilikuwa inavumisha pambio. Daktari Kiunga alibakisha pigo moja fupi tu ashinde. Akainama. Maxine alimwashiria Njiru: wanyamazishe.

Bango hakuna. Njiru akainua mkono wa kulia juu, na mpira ulikuwa ndani ya mkono huo.

Pambio likakatika. Kimya kikashuka, kimya kizuri sana, na katikati ya kimya hicho Shosho Wanja, bibi mzee kuliko wote kanisani, akasema kutoka chini ya mwavuli wake:

"Mia!"

"Mia mbili!" Mwenda wa kwaya akajibu.

Daktari alishtuka, akapiga. Mpira ulilipita shimo, ukateremka mteremko na kwenda kusimama kwenye kiatu cha Maxine.

Maxine alimfikia Njiru akihema. "Mzee, shusha huo mkono na unyamaze. Nitasema ni watu tu walipiga kelele, na Nairobi bado ni yako. Ukifungua mdomo, anaenda Felicitas."

Njiru aliliona koti. Aliona mpaka vifungo vyake. Kisha akamwona Shosho Wanja, aliyekwisha kufungua fundo la leso yake na kuinua noti, akimwangalia kwa imani ile ile ya kila mavuno.

"Binti yangu," alimnong'oneza Maxine, "wameshafika mia mbili."

Akajaza kifua.

"Mia mbili mara ya kwanzaaa!"

Sauti iliyofungiwa tangu asubuhi ilitoka kama bomba lililopasuka. Kunguru waliruka mitini.

"Huo mpira ni wangu!" Daktari Kiunga alifoka.

"Makofi kwa daktari, ametoa mpira! Sasa ongeza, daktari."

"Nitanunuaje mpira wangu mwenyewe?"

"Shosho, umesikia? Meru nzima imeshindwa na mwavuli wako!"

Wachezaji wenzake wa Meru walicheka, na kicheko hicho kilimchoma daktari kuliko lile pigo.

"Elfu moja!"

"Elfu mbili!" wamama wa kanisa walijibu kwa pamoja, baada ya kunong'onezana.

Maxine alianza kumvua Njiru kizibao cha kazi. Njiru hakubisha. Alihamisha mpira mkono wa kushoto ili kitoke vizuri, akaendelea kuuza. Pembeni Felicitas alikuwa ameinua bango lake la KIMYA, halisomwi na mtu yeyote, na tayari alikuwa ameshikishwa ile redio.

"Nairobi utaniletea nini, mwalimu?" Njiru alimuuliza katikati ya mara ya pili.

"Kimya," Felicitas alisema.

Daktari Kiunga aliununua mpira kwa shilingi elfu tatu na mia tano.