Baba Ngurumo Alituliza Gari

Mtaani walimwita Baba Ngurumo, na maskini alidhani ni sifa. Alikuwa msimamizi wa ghala la saruji, mtu wa kuvaa shati jeupe lililopigwa pasi ili akashinde nalo kwenye vumbi, na mali yake kubwa duniani ilikuwa gari dogo ambalo kama lingekuwa mtu lingeshapata wajukuu. Gari la namna hiyo likipita hakuna anayegeuza shingo. Basi akalipeleka kwa fundi wa ekzosi, akaomba mafla, kile kifaa cha kumeza kelele, itolewe na bomba pana liwekwe, linyooke kutoka kwenye injini hadi nyuma. Fundi alimpongeza kwa kwenda na wakati. Tangu siku hiyo shingo ziligeuka kweli, na watoto wachanga wa mtaa mzima wakajua saa yake ya kutoka kazini.

Ila ndani ya gari hapakuwa na raha. Likishika mwendo wa barabara kuu, bomba lilianza kuvuma mvumo mmoja mzito, usiopanda wala kushuka, viti vikatetemeka na meno yakagongana. Mkewe alivumilia safari mbili za kwenda kwa mama yake. Ya tatu akasema atapanda basi.

"Mume wangu, kichwa changu bado nakihitaji," alisema kwa upole, akashika njia ya kituoni na mabinti zao wawili nyuma yake.

Roho ilimuuma Baba Ngurumo, ingawa kusema hakusema. Kazini alizoea kujisifu kwamba kaoa mwanamke mkimya, asiye na maneno mengi, tofauti na hao wa wenzake. Sasa kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na hata yale maneno machache aliyatamani. Akaamua kwamba kinachomtenga na mkewe ni bomba. Mume akishaamua kosa ni la gari, nani tena wa kumbishia?

Alianza kwa akili zake mwenyewe. Alitandika vipande vya godoro chini ya zulia, gari likavuma vilevile, tofauti ikawa kwamba sasa dereva aligusa dari. Akalizungushia bomba blanketi kuukuu, blanketi likaungua njiani, akafika nyumbani akinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya suruali. Mwisho akarudi kwa fundi yuleyule, aliyempokea kwa uso wa huruma kana kwamba bomba lile liliwekwa na adui.

"Siku hizi watu wenye hadhi wanataka gari lililotulia," fundi alisema akiwa chali chini ya gari.

"Si wewe uliyeniambia kelele ndiyo hadhi?"

"Wakati ule ilikuwa, bosi."

Fundi akakata kipande cha bomba, akachomelea mafla kubwa, akabadilisha raba zinazolishika bomba lisigonge bodi, akaweka gasketi mpya pale moshi ulipokuwa ukivuja. Injini ilipowashwa, Baba Ngurumo aliuliza kama imewaka.

Jioni hiyo aliendesha kama aliyepakia mayai. Alisikia indiketa ikigonga, sauti aliyokuwa ameshasahau kama ipo. Alikwishapanga: atamtoa mkewe nje, atamketisha kiti cha mbele, wazunguke mtaa wakizungumza. Watazungumza nini, hakujua, lakini alikuwa na furaha ya mchumba. Aliegesha chini ya dirisha la sebule na hata paka hakushtuka.

Ndani palikuwa na mgeni. Sauti ya mwanamke, nene, ya kujiachia, ilikuwa ikisimulia habari ya muuza duka aliyejificha stoo akimkwepa mama mkwe wake. Ilimwigiza muuza duka, ikamwigiza mama mkwe, ikayaigiza mpaka magunia. Mabinti walicheka hadi wakaomba apumzike kidogo. Baba Ngurumo naye akacheka peke yake pale dirishani, akijiuliza ni nani huyu mwenye kipaji. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni mkewe.

Aliposukuma mlango, kicheko kilikatika. Binti mkubwa alishusha miguu kutoka kwenye kochi. Mdogo akaanza ghafla kupanga vikombe. Mkewe alisimama, akaweka nguo yake sawa, na uso ukarudi kuwa ule anaoujua mumewe.

"Umekuja na nini?" mkewe aliuliza.

"Na gari. Nimelitengeneza, halipigi kelele tena."

"Ndiyo maana hatukusikia."

"Endelea basi. Yule muuza duka alitokaje stoo?"

"Aa, yalikuwa maneno tu. Yameisha."

Akakaa kwenye kochi, mahali ambapo bado palikuwa na joto, akatabasamu kumwonyesha kila mmoja kwamba hana neno. Moyo ulimuuma kuliko alivyowahi kuumwa na kichwa. Mkewe akamletea chakula, akakiweka mezani taratibu, akasimama kidogo kama anayetafuta namna ya kusema jambo bila kumuumiza mtu.

"Kuanzia kesho ukifika," alisema, "uwe unapiga honi."